Haki za Watu Kabla ya Hati ya Haki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tanzania, 1961 hadi 1988

Ukifungua Katiba ya Tanzania leo unakuta Ibara ya 12 hadi ya 29 zimetulia mahali pake kana kwamba ziliandikwa usiku wa Uhuru. Ziliingizwa mwaka 1984, na hazikuweza kutumika mahakamani hadi mwaka 1988. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo nchi ilikuwa na Bunge, uchaguzi, mahakama na Katiba, ila haikuwa na hati ya haki. Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wa sheria na uraia, na pia na watu wazima walioishi miaka hiyo bila kujua kwamba kitu hicho hakikuwepo.

Hati ya haki ni nini hasa?

Ni sehemu ya katiba inayotaja haki za mtu na kumruhusu kwenda mahakamani zinapovunjwa, hata kama aliyezivunja ni Bunge lenyewe kwa kutunga sheria. Uzito wote uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Nchi isiyo na hati inaweza kuwa na sheria nzuri za kazi, za ndoa na za mwenendo wa jinai, na watu wakaishi kwa amani. Lakini siku Bunge linapopitisha sheria ya kuonea watu, jaji hana pa kushika. Anachoweza ni kuisoma sheria hiyo na kuitekeleza.

Kwa nini Tanganyika ilipata Uhuru bila hati hiyo?

Serikali ya TANU ndiyo iliyoikataa. Miaka hiyo Waingereza walikuwa wakiacha hati ya haki kwenye katiba nyingi za uhuru: Nigeria ilipewa mwaka 1960, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963, na hata Zanzibar ilikuwa nayo kwenye katiba yake ya Desemba 1963 iliyodumu kwa muda mfupi. Viongozi wa Tanganyika walisema hapana.

Walikuwa na hoja zao. Nchi ilikuwa maskini na serikali ilitaka kufanya mabadiliko makubwa kwa haraka, hivyo haikutaka kila hatua isimamishwe mahakamani na mwenye mali. Hati ya haki ilionekana kama ngome ya walowezi na wafanyabiashara wakubwa, watu waliokuwa na uwezo wa kulipa mawakili. Tena majaji karibu wote walikuwa wageni. Kuwapa watu hao kauli ya mwisho juu ya sheria za Bunge la wananchi, wiki chache baada ya kuteremsha bendera ya Mwingereza, kulionekana kama kurudisha dirishani kilichotolewa mlangoni.

Hoja ya majaji naiona ilikuwa na uzito wa kweli mwaka 1961. Lakini Augustine Saidi alipokuwa Jaji Mkuu wa kwanza Mtanzania mwaka 1971, uzito huo ulikuwa umepungua sana, na bado hati haikuletwa kwa miaka mingine kumi na mitatu. Hoja inapoisha nguvu na msimamo ukabaki uleule, ni haki kuuliza kama kweli ndiyo ilikuwa sababu.

Mbona Utangulizi wa Katiba ulitaja usawa, uhuru na utu?

Ulitaja. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 hata iliambatanishwa na Katiba ya TANU, yenye imani kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Kisiasa maneno hayo yalikuwa na nguvu kubwa, maana yalifundishwa shuleni na kurudiwa kwenye mikutano ya hadhara.

Mahakamani hayakuwa na nguvu hiyo. Mwaka 1973, katika shauri la Hatimali Adamji dhidi ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, Jaji Biron wa Mahakama Kuu alisema kwamba Utangulizi, kwa mtazamo wa sheria, si sehemu ya Katiba na kwa hiyo si sheria ya nchi. Mtu aliyebaguliwa angeweza kuyasoma maneno yale kwa sauti mbele ya jaji, na jaji akakubali kuwa ni maneno mazuri, kisha shauri likaishia hapo.

Je, hii ilikuwa demokrasia au tunaipamba?

Swali la haki kabisa. Kuanzia mwaka 1965 kilikuwepo chama kimoja kisheria, TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar, hadi vilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Ndani ya chama hicho kimoja wapiga kura walipewa uchaguzi wa kweli kiasi fulani. Katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na mwaka 1965 watu wakubwa waliangushwa, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Hilo halikuwa igizo.

Ila mwaka 1968 chama kiliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, baadhi yao wakosoaji wakali, na kwa kuwa mbunge lazima awe mwanachama, viti vyao vikaenda pamoja na kadi zao. Waliowachagua hawakuulizwa. Wala hapakuwa na ibara ambayo mbunge angeweza kuishika mbele ya jaji na kusema haki yake ya kutoa maoni imevunjwa. Basi iite demokrasia ukipenda, kwa kuwa watu walichagua na kuangusha. Kilichokosekana ni ulinzi wa yule aliyebaki peke yake baada ya wengi kuamua.

Tume ya Chama Kimoja ilisema nini kuhusu hati ya haki?

Tume hiyo iliteuliwa mwaka 1964 kupendekeza muundo wa nchi yenye chama kimoja, chini ya Rashidi Kawawa, Makamu wa Rais, na ikatoa taarifa mwaka 1965. Ililipima suala la hati ya haki na kulikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba haki za watu zinalindwa na maadili ya taifa zima kuliko maandishi, na kwamba hati ingegombanisha mahakama na serikali wakati nchi inahitaji umoja. Badala yake ikapendekeza chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka.

Hicho ndicho Tume ya Kudumu ya Uchunguzi? Ilisaidia?

Ndicho. Ilianza kazi mwaka 1966, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya.

Watu huidharau Tume hii kwa haraka, nami naona wanakosea kidogo. Hebu fikiria karani aliyeachishwa kazi na bosi wake kwa chuki, au mjane anayezungushwa ofisi hadi ofisi akidai mafao ya mumewe. Kwenda Mahakama Kuu kulihitaji wakili, na mawakili walikuwa wachache, wengi wao wakiwa Dar es Salaam. Tume ilipokea lalamiko bila ada, kwa barua au kwa mdomo, na wajumbe wake walizunguka mikoani kuwaeleza watu kazi yao na kuwasikiliza hukohuko. Iliweza kumwita ofisa na kudai mafaili. Kwa uonevu mdogo wa kila siku, ule wa mezani na dirishani, ilikuwa na faida ambayo hati ya haki peke yake isingeipata.

Kasoro zake ziko juu zaidi. Tume haikuwa na uwezo wa kuamuru lolote. Ilichunguza, ikapeleka taarifa yake kwa Rais kwa siri, na Rais ndiye aliyeamua la kufanya. Rais mwenyewe hakuweza kuchunguzwa, na aliweza kuusimamisha uchunguzi wowote. Kwa hiyo ilifaa pale kiongozi wa chini alipokiuka matakwa ya wa juu. Uonevu ulipokuwa sera yenyewe, Tume haikuwa na la kufanya. Wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ya kuwakusanya watu kwenye vijiji, familia zilihamishwa kwa nguvu na kwingine nyumba zikachomwa. Aliyehamishwa angemlalamikia nani, na kwa nani?

Serikali iliweza kumweka mtu ndani bila kumshtaki?

Iliweza, tena kwa sheria. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu azuiliwe kwa ajili ya usalama wa nchi, bila kesi na bila tarehe ya kutoka, na ikaziambia mahakama kwamba amri hiyo haihojiwi. Ilikuwepo kamati ya ushauri, ila Rais hakulazimika kuusikiliza ushauri wake. Kando yake palikuwa na sheria ya mkoloni ya kuhamisha watu, iliyotungwa miaka ya 1920. Mtu aliondolewa kwao na kwenda kutupwa mkoa wa mbali, na serikali ya wananchi iliirithi ikaendelea kuitumia.

Majaji walichokuwa nacho ni utaratibu. Je, amri imetolewa na mwenye mamlaka hayo hasa, au ni mkuu wa wilaya kajitwalia? Masharti ya sheria yamefuatwa? Kwa njia hiyo baadhi ya watu walitolewa. Lakini ukiyatazama vizuri maswali hayo, hakuna hata moja linalouliza kama ni haki kumfungia mtu asiyeshtakiwa. Ofisa makini aliyejaza karatasi zake sawasawa hakuwa na la kuhofia.

Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa kukiri kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Wanaompenda hulisema hilo kama sifa, kwamba aliyajua madaraka hayo na hakuyatumia yote. Mimi nalisikia tofauti. Usalama wa raia milioni kadhaa ulitegemea tabia ya mtu mmoja, na mtu huyo mwenyewe alilijua hilo.

Vyombo vya dola vilipoua, nani aliwajibika?

Tukio kubwa ni la Mwanza na Shinyanga katikati ya miaka ya 1970. Katika msako wa watu waliotuhumiwa kwa mauaji, washukiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Mambo yalipojulikana, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977 ingawa hakuwa ameamuru mateso hayo, na baadhi ya watendaji walishtakiwa kwa sheria ya kawaida ya jinai. Bila hati yoyote, uwajibikaji ulipatikana. Ila ulipatikana baada ya vifo.

Nipe mfano mmoja unaoonyesha tofauti kati ya kuwa na hati na kutokuwa nayo.

Upo mmoja ambao ni vigumu kuupita: ardhi ya ukoo kwa Wahaya, mkoani Kagera.

Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika kwamba mwanamke anaweza kurithi ardhi ya ukoo na kuitumia maishani mwake, lakini hawezi kuiuza. Mwanamume aliweza, kwa masharti. Mwaka 1968 shauri la Verdiana Kyabuje na wenzake dhidi ya Gregory Kyabuje lilifika mbele ya Jaji Hamlyn wa Mahakama Kuu. Jaji hakujificha. Alieleza kwamba mahakama inaweza kuwahurumia wanawake hao, lakini imefungwa na sheria ya mila. Kama mila inatofautisha mwanamume na mwanamke, si kazi ya mahakama kusema haifai kwa zama hizi, na mabadiliko yatafutwe kwingine.

Miaka 22 ikapita. Mwanamke mwingine, aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akafungua shauri kwenye Mahakama ya Mwanzo na kushinda, kisha Mahakama ya Wilaya ikaugeuza uamuzi, na mwaka 1990 rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya. Ndiyo kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mila ilikuwa ileile na Tangazo lilelile. Kilichoongezeka ni Ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilikuwa imeiridhia. Mwalusanya akaamua kwamba wanawake wana haki sawa na wanaume ya kuuza, na mauzo yale yakawa halali, ila mpwa akapewa miezi sita ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi bei yake.

Jaji wa kwanza hakuwa mkatili, na wa pili hakutunga haki kichwani mwake. Kati yao kulikuwa na ibara moja. Ingawa nikisema ukweli wote, niongeze kwamba ibara ile ilihitaji jaji wa aina ya Mwalusanya. Wapo waliokuwa nayo mezani wakaendelea kuamua kama zamani.

Bunge lenyewe halikulinda haki kwa sheria za kawaida?

Lililinda, na mara nyingine kwa ujasiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikataza mtu kumpiga mwenzi wake wa ndoa kwa kisingizio cha kumwadabisha, ikadai ridhaa ya hiari ya wanaooana, na ikatambua mali ya mke kuwa yake. Kwa wakati wake ilikuwa mbali mbele ya nchi nyingi.

Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Kifungu hicho kilikaa bila kuguswa hadi shauri la Rebeca Gyumi, ambapo Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Sheria ya Bunge hulinda pale Bunge lilipoona umuhimu wa kulinda, basi.

Nini kilibadilika mwaka 1984?

Mambo kadhaa yaligongana. Machi 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma ili ihalalishe ukamataji huo. Washtakiwa walipelekwa kwenye baraza maalumu, bila dhamana na bila mawakili. Wananchi wengi walishangilia, maana ulanguzi ulikuwa umewachosha. Wanasheria walipinga, na mwaka 1984 ikatungwa sheria nyingine iliyorudisha mashauri hayo Mahakama Kuu.

Wakati huohuo CCM ilikuwa imefungua mjadala wa kurekebisha Katiba. Chama kilikuja na ajenda yake ya muundo wa madaraka, lakini wachangiaji wakaleta na ya kwao, nayo ni hati ya haki. Zanzibar nako kulikuwa na vuguvugu lililomfikisha Aboud Jumbe kujiuzulu Januari 1984. Mwaka huohuo Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kukataa tena kungekuwa kugumu kueleza. Marekebisho ya Tano, Sheria Namba 15 ya mwaka 1984, yakaingiza Haki na Wajibu Muhimu kwenye Katiba.

Kwa nini basi ilichukua hadi 1988?

Kwa sababu sheria ya mpito iliyofuatana na marekebisho hayo ilizuia mtu kwenda mahakamani kwa miaka mitatu. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba serikali inahitaji muda wa kusafisha sheria zinazopingana na haki hizo. Muda ukaisha Machi 1988 na usafi wenyewe haukuonekana. Mwaka 1992 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ile ya kizuizini ikiwemo.

Baada ya hapo mahakama ziliamka?

Ziliamka, tena mapema. Mwaka 1991 katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichonyima dhamana kwa makosa fulani bila kumpa hakimu nafasi ya kupima. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ikaondoa sharti la kuomba ridhaa ya serikali kabla ya kuishtaki serikali hiyohiyo. (Ndiyo, sharti hilo lilikuwepo. Ulikwenda kumwomba adui yako ruhusa ya kumshtaki.)

Bunge nalo lilijibu. Mchungaji Christopher Mtikila aliposhinda Mahakama Kuu mwaka 1994 kuhusu mgombea binafsi, yaani anayegombea bila kupitia chama, Katiba ikarekebishwa kuzuia jambo hilo. Akarudi mahakamani na kushinda tena mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa ushindi, na bado mgombea binafsi hayupo. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake na asasi zao kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Kuna nchi ya kidemokrasia leo isiyo na hati ya haki?

Australia ndiyo inayotajwa zaidi. Katiba yake ya mwaka 1901 ina haki chache zilizotawanyika, na ingawa Victoria, Queensland na eneo la mji mkuu wana sheria zao za haki, taifa zima halina. Mwaka 2004, katika kesi ya Al-Kateb, Mahakama Kuu yao iliamua kwa kura nne dhidi ya tatu kwamba mtu asiye na uraia wa nchi yoyote anaweza kuzuiliwa bila kikomo, maadamu sheria imesema hivyo. Baadhi ya majaji wa upande ulioshinda waliona wazi kwamba matokeo yake ni mazito kibinadamu. Uamuzi huo uliondolewa Novemba 2023, na uamuzi mpya ulitegemea mgawanyo wa madaraka, si hati ya haki, kwamba kuadhibu ni kazi ya mahakama. Anayemkumbuka Jaji Hamlyn wa 1968 atautambua ugumu uleule.

Haki yangu ikivunjwa leo Tanzania, naanzia wapi?

Kwa uonevu wa ofisini, njia rahisi ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001 kuchukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Bado haitoi amri kama mahakama, lakini kulalamika kwake hakuhitaji wakili.

Kwa kupinga sheria yenyewe, mlango ni Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 30(3), kwa utaratibu wa Sheria Namba 33 ya mwaka 1994 ambayo leo ni Sura ya 3 ya Sheria za Tanzania. Shauri husikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliweka sharti la kuapa kiapo kinachoeleza jinsi jambo hilo lilivyomwathiri mlalamikaji binafsi, na la kuonyesha kwamba njia nyingine za kisheria amezimaliza. Kumbuka pia Ibara ya 30(5): hata ukishinda, mahakama inaweza kuipa serikali au Bunge muda wa kurekebisha badala ya kuifuta sheria papo hapo, na katika muda huo sheria uliyoishinda inaendelea kutumika.